Mikono Miwili Haina Kushoto

Mjukuu wangu alikuja Butiama siku ya Jumapili akiwa amefungwa kitambaa cha hospitali kwenye mkono wa kulia, na kabla hajamaliza kunisalimu nilimwuliza ni nani aliyempiga. Akasema hakupigwa. Nikamwuliza kama ameanguka kwenye bodaboda. Akasema hakuanguka. Akasema ni kipanya.

"Kipanya gani?"

"Kipanya cha kompyuta, bibi."

"Kinauma?"

"Hakiumi kwa meno. Kinauma kwa kushikwa."

Mimi sikupelekwa shule. Herufi sizijui, na jina langu naliweka kwa dole gumba. Maneno haya anayaandika mjukuu huyo huyo ninayemsema, naye nimemkataza kujitetea katikati ya maneno yangu. Akitaka kujitetea, atafute karatasi yake. Akimaliza kuandika ananisomea, na pale aliponilainisha namwambia afute aandike upya.

Anafanya kazi katika studio ya picha mjini Musoma, upande wa Nyasho. Yeye hapigi picha, anazisafisha. Mtu amepigwa picha ya paspoti mbele ya ukuta uliochakaa, yeye anauondoa ukuta na kuweka rangi ya samawati. Bibi harusi amesimama, na nyuma yake kuna mbuzi. Mbuzi anaondolewa, bibi harusi anabaki. Aliyefariki hakuacha picha ya peke yake, bali yumo katikati ya watu kwenye sherehe ya kipaimara. Anatolewa pale katikati na kuwekwa peke yake ili apate kutangulizwa mbele ya jeneza. Kazi hiyo ya kumtenganisha mtu na vilivyomzunguka wao huiita kumkata mtu. Mara ya kwanza niliposikia mjukuu wangu akisema kwenye simu, "Leo nimemkata mchungaji," nilimnyang'anya simu.

Alinieleza kuwa ili kumkata mtu vizuri, kipanya husukumwa kidogo kidogo kufuata ukingo wa kichwa, sikio, bega, na kila baada ya hatua kidole hubonyeza. Kiganja kinakaa kimekunjika tangu asubuhi hadi jioni. Ilianza ganzi kwenye vidole, kisha maumivu yakapanda hadi kwenye kiwiko, na hospitali wakamwambia kwamba mshipa wa kifundo cha mkono umebanwa, aupumzishe mkono, la sivyo ganzi itahamia humo moja kwa moja.

Mwenye studio, ambaye wote wanamwita bosi, si mtu mbaya. Alisafiri kwenda Mwanza kununua karatasi za picha akarudi na kitu ambacho huko mafundi wa picha wanakitumia badala ya kipanya. Mjukuu alikuwa amekuja nacho kwenye mfuko, akanionyesha. Ni kibao cheusi, chembamba, ukubwa wa sinia dogo la kutolea chai, pamoja na kalamu isiyo na wino. Mimi nilikuwa nimekwisha kukiwekea kikombe. Akakiondoa kikombe kwa adabu, akaeleza. Ukipitisha kalamu juu ya kibao, kibaoni hapaonekani kitu. Mstari unatokea kwenye kioo cha kompyuta. Ukigusa kwa wepesi, mstari unakuwa mwembamba kama unywele. Ukikandamiza, unanenepa. Kifundo kinalala juu ya kibao na vidole ndivyo vinavyotembea.

"Basi ushukuru," nikamwambia. "Umepata dawa na kazi kwa pamoja."

"Bosi amesema mwisho wa mwezi kibao kiwe kinatoa kazi nzuri kuliko kipanya. Kama mkono haufai, anaweka mwenye mkono."

"Kalamu unaijua tangu darasa la kwanza. Ugumu uko wapi?"

Akaanza kukunja mfuko ambao ulikuwa umekunjwa tayari.

"Unaficha nini?"

"Sifichi kitu, bibi."

Alikuwa anaficha, na nililijua jambo lenyewe bila kuambiwa. Mtoto huyu alizaliwa anatumia mkono wa kushoto. Alikuja kwangu akiwa ametoka kuachishwa ziwa, na siku ya kwanza tu aliupeleka mkono huo kwenye ugali mbele ya wageni. Katika nyumba yangu mkono wa kushoto hausalimii, hautoi, haupokei, wala hauingii kwenye chakula. Una kazi yake, na kazi hiyo haifanyiki mezani. Nilimfunga mkono huo kwa kipande cha kanga wakati wa kula, na mwalimu wake baadaye aliendelea pale nilipoishia. Ulinyooka. Binti anayempa baba mkwe maji kwa mkono wa kushoto anarudishwa kwao, na atakayeulizwa si yeye, ni aliyemlea. Nililea hivyo, na angezaliwa mwingine leo ningelea hivyo.

Hata hivyo, mkono wa kulia ulijifunza kula na kusalimia kuliko ulivyojifunza kuandika. Mwandiko wake, naambiwa na wanaojua, ni kama mahali kuku walipochakura. Kwenye kipanya aibu hiyo haikuonekana, kwa sababu kipanya hakiulizi mwandiko. Kalamu inauliza.

Alirudi Musoma na kitambaa chake. Siku chache baadaye jirani yangu anayepeleka viazi vitamu Nyasho alipita nyumbani akitoka sokoni, akasimama penye mchongoma kwa makusudi ili nimwulize habari. Sikumwuliza. Akazitoa mwenyewe.

"Mama, nimemwona mjukuu wako kule studio. Nilikwenda kupiga paspoti."

"Yuko mzima?"

"Mzima kabisa. Lakini yule si ndiye ulimnyooshaga mkono?"

"Ndiye."

"Basi umepinda tena!" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Anachora nyuso za watu kwa ule mwingine, mchana kweupe, wateja wanaona. Nikasema, ama kweli, mjini kuna uhuru."

Kesho yake nilikwenda Musoma. Nilibeba viazi ili nisionekane nimekwenda kwa shari, lakini nilikuwa nimekwenda kwa shari.

Studio ni chumba kimoja kirefu. Mbele pana benchi la wateja na pazia la kupigia picha; nyuma pana meza ya kompyuta, na mtu anayekaa hapo huwapa wateja mgongo, hivi kwamba aliyeketi benchini anaona kioo na mikono yote miwili. Nilimkuta ameinama. Kalamu ilikuwa kwenye mkono wa kushoto. Kwenye kioo alikuwapo mtoto wa ubatizo, na mjukuu wangu alikuwa akizunguka ukingo wa kofia ya yule mtoto bila kusita, kama mtu anayefuata njia ya kisimani. Nilikaa. Aliposikia harufu ya viazi, nadhani, aligeuka, na kalamu ikahamia mkono wa kulia upesi, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Endelea na kazi."

"Nitumie mkono upi?"

"Kwani unayo ya kuchagua?"

Akaendelea kwa mkono wa kulia. Mstari ulianza kutetemeka kwenye utepe wa kofia, ukaingia kwenye paji la uso la yule mtoto, ukarudi. Bosi alikuwa amesimama penye pazia akifuta kamera. Aliona, akashusha pumzi kwa sauti. Mwisho wa mwezi ulikuwa wiki ile.

Ndipo walipoingia watu wa Nyamuswa. Walikuwa mzee mmoja mwenye fimbo na dada yake mdogo, mama mtu mzima aliyejifunga kanga kiunoni kwa msiba. Baba yao alikuwa amefia hospitali pale Musoma, na gari la kumpeleka nyumbani lilikuwa linafungwa turubai wakati huo. Walihitaji picha ya kutangulia. Yule mama alikuwa na simu yenye picha ya arusi ambamo marehemu alisimama katikati ya watu, amevaa kofia ya pama, na mkono wa mtu mwingine uko begani pake. Alikuwa pia na bahasha. Ndani ya bahasha kulikuwa na picha waliyoitengenezesha Bunda siku iliyotangulia kwa fundi mmoja wa huko, wakaikataa.

"Angalia," akamwambia bosi. "Ametutolea mtu mwororo, hana hata mkunjo mmoja. Huyu si baba. Huyu ni mjomba wa watu wengine."

Nikaitazama na mimi. Ilikuwa kweli. Mzee wa umri ule alikuwa amewekewa mashavu kama ya kijana anayesubiri kwenda jando.

Mjukuu wangu alipokea simu, akaihamisha picha, akaanza. Bosi alimnong'oneza, nami nilisikia, "Hii ndiyo nitakayopimia." Nataka ieleweke hapo. Lilikuwa limebaki jambo moja tu mbele yake siku ile: ama picha hiyo itoke vizuri kwa kalamu, ama kiti kipate mtu mwingine.

Alianza na mkono wa kulia kwa sababu yangu. Ukingo wa kofia ulitoka na meno kama ya msumeno. Akarudisha. Akaanza tena, akafika sikioni, vidole vikakakamaa. Akafungua kitambaa, akaukunjua mkono, akaufunga upya.

"Binti," akasema yule mzee, "mbona baba yangu anatetemeka?"

"Samahani, mzee. Natengeneza."

Hakunitazama tena. Alihamisha kalamu kushoto, na mstari ukatoka. Ukingo wa kofia ulipita wote kwa pumzi moja, sikio likafuata, nywele nyeupe chini ya kofia zikafuatwa moja moja kwa mguso mwepesi, na ule mkono wa mtu begani ukaondoka ukaacha kitambaa cha koti mahali pake. Yule mama alisogea, akaweka kiganja mdomoni. "Kaka, anakuja," akasema. "Baba anakuja."

Kaka alisogea pia. Alitazama kioo, kisha akashusha macho mezani.

"Simama hapo. Huo ni mkono gani?"

Kalamu ikasimama.

"Nimeuliza, huo ni mkono gani? Baba yangu hajazikwa, na wewe unampangusa uso kwa mkono wa msalani?"

"Mzee, simgusi. Nagusa kibao tu..."

"Kibao kinakwenda wapi? Si kwenye uso? Mimi si kipofu. Unapopangusa hapo chini, yeye anapanguswa hapo juu."

Bosi alikuja mbio. "Mzee wangu, tusamehe. Atahama." Akamgeukia mjukuu wangu. "Hama mkono. Sasa hivi."

"Bosi, wa kulia hauwezi. Umeona mwenyewe."

"Basi inuka hapo."

Akainuka. Bosi akakaa, akasukuma kibao pembeni, akashika kipanya. Bosi ni mpiga picha mzuri, harusi za Musoma zinampigania, lakini kusafisha si kazi yake, tena alikuwa na hofu. Alibonyeza mara mbili tatu, na nusu ya sikio la marehemu ikaondoka.

"Sikio!" yule mama akapiga kelele. "Mmemkata baba sikio!"

"Linarudi, mama, linarudi," bosi akasema, huku anatafuta mahali linaporudia.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama ukutani, ameificha mikono yote miwili nyuma. Yule mzee aliniona pale benchini na viazi vyangu, akapata shahidi.

"Mama, wewe ni mtu mzima. Ongea. Kwenu jambo hili linakubalika?"

Nikasema, "Halikubaliki."

Mjukuu wangu akainamisha kichwa. Yule mzee akapiga fimbo sakafuni mara moja, kama mtu aliyeshinda kesi. Lakini sikuwa nimemaliza, na mimi sipendi kukatizwa.

"Nikuulize na mimi. Mkwe akikupa kitu, unapokeaje?"

"Kwa heshima."

"Heshima inashikaje? Nionyeshe."

Akatoa mkono wa kulia, na wa kushoto akauweka kwenye kifundo cha ule wa kulia, kama tunavyofanya wote. "Mikono miwili," akasema.

"Katika hiyo miwili, wa kushoto umeuacha nyumbani?"

Akatazama mikono yake. Dada yake, katika msiba ule, alicheka bila kutaka. "Hapo umeshikwa, kaka."

"Lakini wa kulia ndio unaopokea," akasema mzee. "Wa kushoto unasindikiza tu."

"Wa mjukuu wangu wa kulia ni mgonjwa. Unaona kitambaa. Mgonjwa anaweza kusindikiza, hawezi kutangulia. Wanapokutana wote wawili, aliyetangulia na aliyesindikiza, heshima imekwisha kutimia. Mikono miwili haina kushoto."

Sikuwa nimebuni sheria mpya, wala sikuilegeza ile ya zamani. Nilikuwa nimepokea mahari ya binti zangu na watoto wa ubatizo kwa mikono miwili maisha yangu yote, na hakuna aliyewahi kunihesabia wa kushoto. Mlango huo ulikuwapo ndani ya sheria yenyewe. Siku ile tu ndiyo niliyolazimika kupita.

Yule mzee alifikiri. Alikuwa mtu wa hasira, lakini hakuwa mjinga, na gari lilikuwa linasubiri. "Basi niione hiyo miwili," akasema.

Nikamwambia mjukuu, "Kaa." Bosi akampisha. "Kalamu kushoto. Wa kulia weka hapo juu ya kifundo, kama unampa mkweo maji. Usiuinue mpaka umalize."

Akaweka. Kisha akanigeukia na uso wa mtu aliyekumbuka kitu.

"Bibi, mkono wa kulia huwa nautumia kubonyeza kurudisha. Nikikosea, nani atanirudishia?"

Pembeni mwa kibao pana vitufe vidogo, na kimojawapo, kilicho juu kabisa, ndicho kinachofuta kosa la mwisho na kukurudisha ulikokuwa. Nilimwambia anionyeshe, nikavuta kiti, nikaweka kidole. Kidole cha mkono wa kulia, na kila aliyekuwamo alikiona.

"Nikisema rudisha, bonyeza mara moja."

"Usiseme mara nyingi."

Alianza kwa kumrudishia marehemu sikio. Mkono wake ulikwenda polepole kuliko ulipokuwa peke yake, kwa kuwa ule mgonjwa ulikuwa umeulemea, lakini haukutetemeka. "Rudisha," akasema, nikabonyeza, na kwenye kioo mstari uliokosea ukatoweka kana kwamba haukuwahi kuwapo. Sikukipenda kitu hicho. Mtu asizoee kwamba kosa linaondoka kwa kidole. Nilimwambia hivyo papo hapo, naye akasema, "Ndiyo, bibi. Rudisha."

Alipofika kwenye uso, yule mzee aliinama juu ya bega lake.

"Hilo kovu la kwenye nyusi liache. Ni pembe ya ng'ombe, alipigwa akiwa kijana."

"Naliacha, mzee."

"Na hiyo mikunjo?"

"Nayo naiacha. Natoa kivuli cha kofia tu, macho yaonekane."

"Macho sawa. Yaonekane. Alikuwaga anatazama mtu mpaka mtu anasema ukweli."

"Hata meno usiyafunge," dada akaongeza. "Baba alichekaga na pengo lake. Ukiliziba hilo, mama yetu hatamjua."

"Naliacha pengo, mama."

Hivyo ndivyo kazi ilivyokwenda, wao wakimwambia cha kuacha na yeye akiacha. Nilikuwa nimedhani kusafisha picha ni kuondoa. Siku ile karibu kazi yote ilikuwa kuacha, na kalamu ilinyanyuliwa juu ya kibao mara nyingi kuliko ilivyoshushwa.

Ilipochapwa na kuwekwa kwenye fremu, mjukuu wangu alisimama akampa mzee kwa namna ile ile, wa kushoto umetangulia, wa kulia umeshika kifundo. Nilitaka kumkaripia, kwa maana kutoa si kuchora. Lakini mzee alikuwa amekwisha kuweka fimbo chini ili apokee kwa mikono yote miwili, na mimi siingilii mahali watu wamekwisha kuelewana. Aliitazama picha, akasema, "Shikamoo, baba," akatoka. Dada yake alibaki nyuma kidogo, akamshika mjukuu wangu bega.

"Pole kwa mkono, mwanangu. Kaka yangu ana domo, lakini ataisimulia hii."

Bosi alisubiri mpaka wamepanda gari. Akarudi, akakirudisha kibao katikati ya meza, akakipangusa vumbi kwa shati.

"Kesho njoo saa za kawaida," akamwambia. "Na hizi za marehemu, fanya hivyo hivyo."

"Na za harusi?"

"Za harusi fanya unavyoweza. Bibi harusi hana habari na mkono, anataka kiuno."

Kaka yule aliisimulia kweli. Nasikia kwamba baada ya mazishi yale watu wa pande za Nyamuswa, na baadaye hata wa Kisorya, wakija Musoma na picha ya mtu wao, huketi benchini na kuangalia mikono kabla ya kuangalia kioo. Bosi mwenyewe, ambaye ni wa kulia tangu kuzaliwa na sasa amejifunza kalamu kidogo, alianza siku moja kazi ya marehemu kwa mkono mmoja, na mama mmoja akamwuliza, "Baba, huyu hana heshima yake? Mbona mwenzako anashikaga?" Tangu hapo na yeye anashika kifundo. Mjukuu wangu analalamika kwamba inachelewesha kazi. Nimemwambia kazi ya marehemu haina haraka. Mwenyewe amekwisha kufika.

Kiti alibaki nacho. Mkono wa kulia haukupona upesi hivyo. Hospitali walimwambia asiutumie kabisa kwa muda, hata kufua, hata kukata mboga, na bosi akampa ruhusa aje nyumbani apumzike kisha arudi. Akaja Butiama. Mchana ule niliweka ugali na sato wa mchuzi, tukanawa, tukasali. Aliupeleka mkono wa kulia kwenye ugali, akajaribu kufinyanga tonge, vidole havikufunga. Tonge likaanguka. Akajaribu tena.

"Bibi," akasema, "kwa kuwa ni ugonjwa..."

"Hapana."

"Studio ulisema..."

"Studio nilisema mikono miwili. Tonge halishikwi kwa mikono miwili. Na kushoto hakuingii kwenye chakula changu."

"Kwa hiyo nilale njaa?"

"Nani kasema ulale njaa?"

"Ungeniacha tu tangu utotoni, leo nisingepata shida hii."

"Ningekuacha, ungeolewa wapi?"

"Kwani nimeolewa, bibi?"

"Shauri lako hilo, mke mwenzangu. Mimi nilikutayarisha."

Alicheka, lakini macho yalikuwa yamejaa, kwa kuwa mkono ulikuwa unamwuma na njaa anayo. Nikanawa upya. Nikalivuta sinia upande wangu, nikakata tonge, nikalichovya kwenye mchuzi.

"Sogea."

Akaelewa, akarudi nyuma. "Bibi, mimi ni mtu mzima. Nina kazi mjini."

"Mtu mzima anakula kwa mkono wake wa kulia. Kama hauna nguvu, upo wangu, nao ni wa kulia. Chagua."

Wakati huo jirani wa viazi alikuwa anapita penye mchongoma, na kama kawaida yake alipunguza mwendo.

"Bibi, anaona."

"Aone. Atakuwa na la kupeleka sokoni."

Nikachukua kipande cha sato, nikatoa miba yote nikaiweka pembeni mwa sahani, nikakiweka juu ya tonge. Mjukuu wangu alitazama barabarani, akanitazama mimi, akafungua mdomo.